Mwita Bweha Amezikwa, Sauti Yake Bado Inalia Mifukoni Mwetu

Naomba radhi mapema kwa tahajia na kwa mwandiko. Wanaonisoma kila wiki wanajua kwamba niliishia darasa la saba, na kwamba ukurasa mmoja hunichukua siku nzima, kwa sababu naandika kama mtu anayepanda viazi, shimo moja baada ya jingine. Safari hii nimeandika haraka, na haraka yenyewe ni ya hasira. Kalamu imetoboa karatasi mahali pengi. Yule dada anayechapa kurasa zangu pale Makambako akishindwa kusoma neno, aweke neno kali kuliko yote anayoyajua. Hatakuwa amekosea.

Mwita bweha wa kijiji chetu amefariki. Alifia katika hospitali ya misheni, alikopelekwa akiwa amechelewa na kifua kimejaa, na tumemzika Jumamosi kwenye mteremko ulio juu ya shamba lake la viazi, pale ambapo ukungu hutua alfajiri na kukataa kuondoka hadi saa nne. Kwenye cheti imeandikwa kichomi. Watu wa msibani walisema ni baridi tu, mzee alipigwa na baridi. Mmoja wao, ambaye alikuwa anakula wali wa marehemu wakati anasema, alitikisa kichwa na kutamka kwamba mchimba kisima huingia mwenyewe. Nilikuwa nimeketi kando yake na sahani yangu. Mimi ni mtu wa haya, sikusema kitu. Nasema leo. Kisima hakukichimba yeye. Tulikichimba sisi, tukakifunika majani, halafu tukamwita apite juu yake.

Kwa msomaji wa mbali asiyeijua kazi hii, nieleze. Katika vijiji vya huku kati ya Njombe na Makambako watu wanafuga kondoo wachache kando ya viazi na mahindi, na bweha wanakaa kwenye vichaka vya miwati na ndani ya mashamba ya mipaini yaliyotuzunguka. Ndama ni mkubwa kwao, lakini mwanakondoo aliyezaliwa jana ni chakula chao. Bweha humfuati ukampata. Ukimfuata anakusikia, na asipokusikia anakunusa. Ni lazima yeye akufuate wewe, na hapo ndipo anapohitajika mtu wa kumwita. Mzee alikuja huku akiwa kijana, akitokea Mawengi kutafuta vibarua vya shamba, akaoa kwetu, akabaki. Alikuja na gobole la baba yake lenye kibali, na kipande cha mlanzi alichokichonga mwenyewe, ambacho akikipuliza kilitoa sauti ya mwanakondoo aliyepotelewa na mama yake. Mlanzi ni ule ule mwanzi tunaougema pombe ya ulanzi. Wengine tuliona pombe ndani yake, yeye aliona sauti.

Nakumbuka siku alipokuja kwetu, baada ya bweha kuchukua wanakondoo wa mama yangu. Mama alimtengea kigoda na kikombe. “Chai baadaye, mama,” alisema akiwa amesimama nje. “Nikiingia humo nitatoka nanuka jiko, na bweha hajawahi kuona kondoo anayepika.” Kisha akachukua samadi mbichi zizini akajipaka kwenye koti na kwenye viatu. Mama akaziba pua huku anacheka. “Na bibi nyumbani akikunusa hivyo?” Mzee akajibu bila kutabasamu, “Huyo alinizoea hivi hivi. Siku nikioga ndiyo huuliza nimetoka kwa nani.”

Tulikaa naye kwenye ukingo wa shamba, jua likiwa bado juu. Alifunga kishungi cha manyoya ya kondoo kwenye kijiti ili upepo ukichezeshe. Akapuliza mlanzi mara chache, akanyamaza muda mrefu hadi mguu wangu ukafa ganzi. Nilidhani anatazama kule alikopeleka sauti, kumbe alitazama pembeni, upande upepo ulikokuwa unakwenda. Bweha mwenye akili haifuati sauti moja kwa moja. Anaizunguka, ili atokee mahali ambapo upepo utamletea harufu ya yule anayelia. Nilimuuliza kwa nini haiti tena. “Mwanakondoo wa kweli hulia akachoka,” alininong'oneza. “Anayelia bila kuchoka ni mtu.” Bweha alitokea pale pale Mzee alipokuwa anatazama, ametanguliza pua kabla ya mguu, na hakurudi. Nilipomsifu njiani alinikatiza. Alisema sifa zingoje, kwa sababu siku ya kukosa ni mbaya kuliko siku ya kutokuja kabisa. “Bweha uliyemwita ukamkosa umemsomesha, mjukuu wangu. Na shule yao haina likizo.” Ndiyo sababu hakuwa anaita ovyo. Hakuita ili kuonyesha wageni. Hakuita kwa mchezo. Alikuwa na sauti, na sauti ilikuwa na kazi, na kazi ikiisha aliiweka mfukoni.

Kulikuwa na sauti nyingine ambayo hakuitumia kabisa. Watu walijua anaiweza. Jumapili moja mchana, kwenye ulanzi, kijana mmoja mwenye pikipiki alimchokoza mbele ya watu. “Mzee, nasikia ukilia kama mtoto wa bweha, jike linakuja hata mchana kweupe. Hebu tufanyie.” Mzee akainua mkono wake wa kushoto, akaweka midomo kwenye mgongo wa mkono kama mtu anayetaka kufyonza. Kilabu chote kikageuka kumtazama. Akaubusu mkono wake, akaufuta kwenye suruali, akachukua kikombe chake.

“Ipo,” alisema. “Siifanyi.”

“Unaogopa?”

“Ndiyo, naogopa. Mwenye njaa nikimdanganya kwa chakula, hapo tumeviziana, yeye mwizi na mimi mwizi. Mama nikimwita kwa kilio cha mwanawe, hapo mwizi ni mmoja.”

“Kumbe unawahurumia bweha kuliko kondoo wetu!”

“Kondoo wenu nawalinda tangu hujaota ndevu,” Mzee alisema, akamtazama kidevuni, “na bado hujaota.” Watu walicheka hadi mama muuzaji akamwagia meza ulanzi. Ningependa kumbukumbu yangu iishie hapo, kwenye kicheko. Lakini hasira yangu inaanzia hapo hapo, kwa sababu wale wale waliocheka ndio nitakaowasema.

Mwaka huu baridi ilipoingia, bweha walizidi. Badala ya kumwachia Mzee afanye kazi yake polepole kama alivyozoea, baadhi ya wenye kondoo wengi waliona anachelewesha. Wakawaleta watu wa Makambako waliokuja na pikapu na spika kubwa, ile ya kutangazia mikutano. Watu hao walizunguka vilima vyetu jioni nzima wakipiga sauti ya mwanakondoo iliyotolewa kwenye simu, mwanakondoo ambaye hakuchoka, hakupumua, aliyelia kilima hiki na dakika ileile akalia kilima kile. Walifyatua risasi kwenye kila jani lililotikisika. Wakapiga picha, wakanywa, wakaondoka. Walichokiacha ni jike moja la bweha lililopasuliwa sikio na risasi, na ambalo sasa lilikuwa limesoma kuliko sisi sote. Tangu siku ile, likisikia mlanzi wa Mzee upande mmoja, lilikwenda upande mwingine likachukua mwanakondoo huko. Sauti yake ilikuwa inaliambia mlinzi yuko wapi. Mzee aliligundua hilo kabla ya mtu yeyote, akaacha kupuliza. Watu wakasema amezeeka.

Mkutano uliitishwa kwenye uwanja wa shule. Hoja ilikuwa moja. Tuchukue dawa kali ya wadudu wa viazi, tuipake kwenye matumbo ya mbuzi, tuyatawanye msituni. Mzee alisimama. Alisema sumu haina macho. Mbwa wetu watakula kwanza, kisha mvua itaisukuma hadi kwenye chemchemi tunayochota maji chini ya mteremko, na watoto wanaochunga wanaokota kila kitu. Alisema kwa upole, kama alivyosema kila kitu. Mwenyekiti wa mkutano akamjibu mbele ya watoto.

“Basi liite kwa ile sauti nyingine, Mzee.”

“Nilishasema siifanyi.”

“Basi sumu kesho asubuhi.”

“Nipeni muda. Jike lina watoto sasa, halitahama. Nitalipata kwa kukaa.”

“Tumekupa muda wa kutosha tukapoteza kondoo. Ama sauti, ama sumu. Chagua wewe, usije ukasema tumekuonea.”

Watu walipiga makofi. Waliopiga makofi kwa nguvu ni wale walioleta pikapu. Mzee aliwatazama watoto waliokuwa wamekaa kwenye nyasi na mbwa wao. “Mara moja,” alisema. “Na asinifuate mtu.” Hapo mwenyekiti akasema lazima aende shahidi, maana tutajuaje kama ameita kweli au amelala chini ya mti? Mzee akaivua kofia yake, akaivaa tena. Amelinda kijiji hiki tangu kabla mama yangu hajaolewa, na siku hiyo alipewa mlinzi. Shahidi aliyechaguliwa alikuwa kijana yule yule wa pikipiki, asiye na ndevu.

Yaliyotokea asubuhi iliyofuata nilielezwa na Mzee mwenyewe, mchana wake, nilipompelekea magimbi aliyotumiwa na mama. Alikuwa ameketi nje kwenye benchi, mkono wa kushoto ameuficha kwapani kama mtu aliyeungua. Barabarani watu walikuwa wanashangilia, bweha ametundikwa kwenye nguzo, kila mmoja anajipiga naye picha.

“Halikuzunguka,” aliniambia. “Unanielewa? Lile jike halikuzunguka.”

Nilimwambia naelewa.

“Nimefyonza mkono mara moja tu. Lile lililonishinda msimu mzima, limekuja mbio juu ya nyasi, kifua wazi, upepo ukiwa mgongoni kwake, halikunusa hata kidogo. Chuchu zimejaa. Lilikuwa linaita, linaitikia. Miaka yote tumeshindana akili, mimi na wao. Leo hapakuwa na akili. Palikuwa na mama tu.” Akaingia ndani, akatoka na ule mlanzi wake, akaupitisha mbele yangu hadi jikoni, akauweka motoni. Bibi, mke wake, alikuwa anakoroga uji. Aliutazama mlanzi ukishika moto, akamtazama mumewe, akaendelea kukoroga.

Kesho yake aliamka kwenda kutafuta pango la lile jike. Alisema watoto hawawezi kuachwa wafe kidogo kidogo. Nilimuuliza akiwapata atafanya nini, akasema, “Nikiwapata nitajua la kufanya. Kuwaacha ndiko sikujui.” Ilikuwa ile baridi ya mwishoni, yenye manyunyu yasiyolowesha nguo bali yanayoingia hadi mifupani. Alikuwa anatoka alfajiri na kurudi jioni, siku baada ya siku, akiwa amelowa, na kila akirudi alikuwa na habari ile ile. Amewasikia. Wako hai. Wanalia. Akifika walikolia, hawapo.

Alasiri moja nilikwenda naye, kwa sababu Bibi aliniomba. “Nenda naye, mjukuu wangu,” alisema. “Watu wanasema amechanganyikiwa. Nenda usikie kama anasikia kweli.” Tuliingia msituni kupitia njia ya magari ya mbao. Mzee alikuwa anakohoa na kuziba mdomo kwa kofia ili kikohozi kisiwatishe watoto. Na nilisikia. Naandika hili kwa herufi kubwa moyoni: nilisikia kwa masikio yangu. Kilio chembamba, chenye kukwaruza mwishoni, juu yetu kwenye miti. Mzee alinishika mkono. “Umewasikia?” “Nimewasikia, babu.” Macho yake yalijaa furaha kama ya mtoto. Tukapanda, tukiteleza kwenye majani ya mipaini yaliyolowa. Tulipofika juu hapakuwa na pango, hapakuwa na nyayo, na kilio kikatokea chini, tulikotoka, karibu na mashine ya kupasulia mbao.

“Wadogo hivyo hawawezi kuhama,” Mzee alisema, akiwa ameegemea mti. “Na hawachoki. Siku zote hizi hawajanyonya, na hawachoki.”

Tulishuka hadi kwenye mashine. Vijana wa mbao walikuwa wamekaa juu ya magogo na pikipiki mbili zimeegeshwa kando. Mmoja akasalimia kwa heshima zote. “Kamwene, Mzee. Unatafuta nini kwenye mvua?”

“Watoto wa bweha, wajukuu zangu. Mmewasikia?”

Walitazamana. Mmoja akainama akafunga kamba ya kiatu ambayo ilikuwa imefungwa. “Tumewasikia, Mzee,” alisema yule wa kwanza. “Wako kule juu.” Mwingine alikohoa kwenye kiganja chake kwa namna ambayo leo najua haikuwa kikohozi. Tukapanda tena.

Usiku ule homa ilimpanda. Alipelekwa hospitali baada ya siku chache, pikipiki ilipopatikana na kifua kilipokuwa tayari kinachemka kama sufuria. Bibi anasema hadi mwisho alikuwa anageuza kichwa kwenye mto kuelekea dirishani na kumuuliza kama wamenyamaza. Bibi alimjibu wamenyamaza. Hakumwamini.

Sasa nifike kaburini. Mwinjilisti alikuwa amemaliza kusoma, kwaya imeketi, na ukimya ulikuwa ule wa watu wanaosubiri jembe la kwanza la udongo. Hapo katikati ya umati, upande wa wanaume, kitu kikalia. Kilio chembamba, chenye kukwaruza mwishoni. Kililia, kikarudia, kikarudia tena, hakikuchoka. Bibi, aliyekuwa ameketi kwenye mkeka na wanawake wenzake akiwa amefunikwa kanga hadi machoni, akaitupa kanga na kusimama.

“Hao!” alisema. “Mmewasikia? Ndio hao! Nilijua hajachanganyikiwa. Nendeni mkawachukue, jamani, msiwaache, nendeni!”

Watu wa nyuma, ambao hawakujua wanachocheka, walicheka kidogo. Kisha sauti ikakatika, kwa kuwa mwenye simu alikuwa ameipata mfukoni na kuizima. Bibi alibaki amesimama, amegeukia msitu, anasubiri walie tena. Wanawake walimshika mabega wakamketisha, wakidhani ni uchungu.

Nilimfuata mwenye simu, mmoja wa wale vijana wa mbao, nyuma ya umati. Mimi ambaye naogopa hata kuagiza soda dukani, nilimshika kola. Nilimuuliza ameitoa wapi sauti ile.

“Kaka, tulia, tuko msibani. Ni mlio wa simu tu.”

“Umeutoa wapi?”

“Kwenye grupu. Kila mtu anao. Ni ile ya Mzee, ya watoto wa bweha. Shahidi aliirekodi siku ile ile, akaituma hata kabla hawajatoka porini.”

“Na kule kwenye mbao?”

Alitazama viatu vyake. “Ilikuwa mchezo, kaka. Tulikuwa tunaona mzee anavyokimbilia. Tulidhani ataitambua. Ni sauti yake mwenyewe!”

Ndivyo ilivyokuwa, wasomaji wangu. Hakukuwa na watoto waliolia. Labda walikufa siku ya kwanza, labda waliliwa, hatutajua. Mzee alikimbizwa kwenye mvua kwa siku zote zile na sauti aliyoitoa mara moja maishani mwake, aliyoitoa kwa kulazimishwa, ili sumu isiingie kwenye maji tunayokunywa wote, na hao vijana wa mbao wakiwemo. Wanashangaa kwa nini hakuitambua. Nami nilishangaa, kwa sababu yeye ndiye aliyenifundisha kwamba anayelia bila kuchoka ni mtu. Sasa nadhani naelewa. Lile jike lilikuwa na akili kuliko bweha wote, na halikuzunguka. Mwenye deni la mtoto hazunguki. Aliyeitwa kwa kilio kile anakuja kifua wazi, awe ana miguu minne au miwili. Wale vijana walikuwa wameligundua hilo kwa kutazama, na walilitazama kwa kicheko.

Nimejaribu wiki hii nzima kuipoza hasira yangu na nimeshindwa. Siku hizi mtu akianguka barabarani pale Makambako, simu hutoka mifukoni kabla mikono haijatoka. Mama akilia mochwari, kilio chake kinafika Njombe kabla yake. Tunasema ni kumbukumbu. Siyo kumbukumbu. Kumbukumbu inamjua mwenyewe. Hii ni sauti iliyochunwa kama ngozi, ikavaliwa na kila apitaye. Mzee aliwaua bweha maisha yake yote, na simsemi kuwa malaika, lakini hakuwahi kumwita mnyama ambaye hakukusudia kukutana naye uso kwa uso. Sisi tunaita kutwa nzima. Tunaita kwa spika, tunaita kwa simu, tunaitana kwenye mikutano na kupigiana makofi, na anayeitika tunamcheka kwa kuitika. Na wale walioleta pikapu, na mwenyekiti aliyesema chagua wewe, wote walikuwa mstari wa mbele wakitupa udongo. Udongo wenyewe nao ulikuwa umelowa.

Jioni baada ya maziko Bibi aliniita. Alikuwa amevaa mabuti ya marehemu. Alitaka tuingie msituni kabla giza halijashika, kwa kuwa wamelia karibu safari hii, karibu kabisa, huenda wamemfuata Mzee hadi kaburini. Ningeweza kumwacha na imani yake. Lakini nilimwona akifunga kamba za mabuti yale makubwa, nje manyunyu yakianza, na nikajua kwamba nikinyamaza nitamzika na yeye. Nikamwambia. “Bibi, ilikuwa simu.” Nikamweleza yote, shahidi, grupu, na vijana wa mbao. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akakaa chini akaanza kufungua kamba, taratibu.

“Kwa hiyo hata mimi wameniita,” alisema.

Fundisho langu ni fupi, kwa kuwa karatasi inaisha. Usimwite ambaye hukukusudia kumpokea. Na sauti ya mtu ikikufikia bila yeye kukupa, usiifuge.

Wasomaji wangu, najua ile sauti imevuka kijiji chetu. Nimeambiwa imesikika stendi ya Makambako, imesikika Njombe sokoni, na fundi mmoja wa simu anawawekea wateja kama mlio. Kama iko kwenye simu yako, ifute leo. Kisha niandikie kwa njia ile ile mnayoniandikia siku zote, hata kwa mwandiko mbaya kama wangu, hata neno moja tu: nimefuta. Bibi hajui kusoma. Kila barua itakayokuja nitapanda nayo hadi kwake na kumsomea, moja baada ya nyingine, ili ajue wananyamaza.